Una mimba na kichwa chauma: soma hii kabla hujatuma mtu kemisti

Kwenye kaunta ya duka la dawa hapa Mombasa swali huja hivi: "Nipe dawa ya maumivu, ni ya mja mzito." Basi, hamna zaidi. Hakuna mimba ya miezi mingapi, hakuna kinachouma, na mara nyingi alokuja kununua si mwenye mimba, ni mumewe, ama ni mtoto katumwa na noti ya mia mkononi. Mimi nafanya kazi upande wa pili wa hio kaunta na nawaambia ukweli, swali hilo halina jibu moja. Kuna dawa ya maumivu ambayo mja mzito aweza kumeza mwezi wowote akifuata kipimo, kuna ambayo mwezi wa tatu daktari aweza kukubali kwa sababu maalum lakini mwezi wa saba hakuandikii, na kuna ambayo haitakiwi karibu na mimba kabisa, na zote tatu hapa mtaani zaitwa "dawa ya maumivu" tu. Kinachoamua ni vitu viwili: jina la dawa yenyewe ilio ndani ya kidonge, na wiki ya mimba.

Jambo moja kabla hatujaanza. Kama daktari ashakuandikia kitu na unakitumia sasa, usikiache ghafla sababu umesoma hapa, chukua maswali yako umrudishie yeye.

Hatua ya kwanza: jua uko wiki ya ngapi

Wengi wetu twahesabu miezi, na miezi yachanganya. Kliniki wanahesabu wiki, na hesabu yao yaanzia siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, sio siku mimba ilipotunga. Kwahivyo ukiambiwa wiki ya 6, mtoto mwenyewe ana wiki 4 hivi. Na hio wiki ya 6 si ndogo. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufungika kama siku ya 28 tangu mimba itunge, wakati mama bado asema hedhi imechelewa tu kidogo. Usipofungika sawasawa ndio mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Moyo, mikono, miguu, mdomo, vyote hivi hupata umbo kati ya wiki ya 5 na ya 10 hivi, ndio maana ulemavu wa maumbile ukitokea mara nyingi mzizi wake uko hapo mwanzo kabisa.

Sasa hapa ndipo watu wanapokosea. Wamesikia "miezi mitatu ya kwanza ndio hatari" wakaamua kuanzia wa nne ni ruhusa. La. Baada ya wiki ya 10 umbo lishakuwa, lakini figo, mapafu, ubongo na mishipa ya moyo bado vyajifunza kazi, na kuna dawa ambazo hazigusi umbo bali zaharibu hio kazi. Dawa za jamii ya Brufen (ibuprofeni) ni hivyo, masharti yake makali zaidi yako nusu ya pili ya mimba na sio ya kwanza.

Kama hukumbuki hedhi ya mwisho, piga skani mapema, skani ya mwanzo ndio inayokisia umri vizuri zaidi. Alafu andika kwenye kitabu chako cha kliniki, kwa kalamu, siku utakayofika wiki ya 20 na siku utakayofika wiki ya 30. Hizo tarehe mbili utazihitaji huko mbele.

Na we ambae huna mimba bado lakini watafuta, ama hedhi imechelewa hata siku kadhaa: pima kwanza kabla hujameza kitu cha maumivu ya tumbo. Kipimo cha mkojo hakina gharama kubwa, kila kemisti kipo. Anza na foliki asidi pia, mikrogramu 400 kila siku, kabla ya mimba mpaka wiki ya 12. Hii ndio kinga ya mgongo wazi inayojulikana wazi kuliko zote. Unga wa pakiti, wa ngano na wa mahindi, sheria ya Kenya tangu 2012 yataka uongezwe foliki asidi na chuma, lakini ule wa kusagisha mwenyewe posho mili hauna, na hata wa pakiti hautoshi peke yake. Vidonge vya chuma na foliki wanavyokupa kliniki si pambo la mkoba, meza.

Hatua ya pili: geuza pakiti

Jina kubwa la mbele ni la biashara. Jina unalolitaka ni lile dogo, mara nyingi liko chini yake ama nyuma, likifuatwa na miligramu. Ukiona Paracetamol peke yake, kama Panadol ya kawaida, hio ni moja. Ukiona Ibuprofen, Diclofenac, Mefenamic acid, Naproxen, Indomethacin, Piroxicam ama Meloxicam, hao ni ndugu, jamii moja. Aspirin yaweza kuandikwa Acetylsalicylic acid. Codeine na Tramadol ni jamii nyengine.

Shida kubwa ni michanganyiko. Vile vidonge vya kichwa vinavyouzwa viwili viwili dukani pamoja na sabuni na majani ya chai, vingi ni aspirini, parasetamoli na kafeini ndani ya kidonge kimoja. Kuna vyengine ni parasetamoli na ibuprofeni, ama parasetamoli na diklofenaki, alafu mtu akuambia "hii ni kama Panadol tu lakini kali". Si kama Panadol. Hata Panadol yenyewe si moja, Panadol Extra ina miligramu 65 za kafeini kila kidonge, ukimeza viwili mara nne kwa siku na chai yako ya tangawizi juu yake, umeshapita ile miligramu 200 za kafeini kwa siku ambazo waja wazito Uingereza huambiwa wasizidishe. Chukua ile ya kawaida.

Na usikubali kukatiwa vidonge viwili kutoka kwa karatasi bila jina. Ukikatiwa sehemu isiyo na maandishi, mwambie akuandikie jina, na akisita nenda duka jengine, Mombasa hii kila kona kuna kemisti. Tazama ukutani kama leseni ya Pharmacy and Poisons Board, bodi ya serikali inayosimamia dawa, imetundikwa.

Hatua ya tatu: ipi, na mpaka lini

Parasetamoli ndio ya kwanza kuchaguliwa, wiki yoyote. Najua 2025 mwezi wa Septemba Rais Trump alisimama Marekani akawaambia waja wazito wasimeze Tylenol, ambayo ni parasetamoli hii hii, ati yaleta otizimu, na hizo klipu zilifika kila grupu la WhatsApp. Siku chache hazikupita WHO ikajibu kwamba hakuna ushahidi thabiti wa hilo. Utafiti mkubwa kabisa wa jambo hili ulitoka Sweden mwaka 2024, ulifuata watoto karibu milioni 2.5 waliozaliwa kati ya 1995 na 2019. Walipolinganisha watoto wa jumla kulionekana tofauti ndogo, lakini walipolinganisha ndugu wa mama mmoja, huyu alimezewa na yule hakumezewa, tofauti ikapotea. Maana yake kilichokuwa kinaonekana kilitoka mambo mengine ya familia, kama urithi ama ugonjwa uliomfanya mama ameze dawa. Wako wanasayansi waliosema 2021 itumiwe kwa tahadhari, na tahadhari yenyewe ni ile ile ya siku zote: kipimo kidogo kinachotosha, siku chache, na kwa sababu ya kweli. Kuivumilia homa kali kwa kuogopa Panadol ndio kosa, maana homa ya juu miezi ya mwanzo yenyewe imehusishwa na mgongo wazi.

Kipimo: kidonge kimoja ama viwili vya miligramu 500, subiri saa 4 mpaka 6, usipite 8 kwa saa 24. Una uzito chini ya kilo 50 ama ini lako lina shida, uliza kwanza, chako ni kidogo zaidi. Chunga dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani na mtu huishia kumeza mara mbili bila kujua. Ukifika siku ya tatu bado wahitaji, swali si dawa tena, swali ni kinachouma.

Sasa Brufen, diklo (diklofenaki) na jamaa zao. Hapa ntakaa kidogo sababu ndizo zinazouzwa sana, na ile sindano ya "maumivu" unayochomwa tako mara nyingi ni diklo.

Miezi ya mwanzo, tafiti zimehusisha hizi dawa na mimba kutoka na pia kasoro za moyo, na matokeo hayalingani utafiti kwa utafiti. Maelezo rasmi ya ibuprofeni huko Ulaya yasema hatari ya kasoro ya moyo yaweza kupanda kutoka chini ya asilimia 1 mpaka kama asilimia 1.5. Yaani si kwamba ukimeza mtoto atakuwa na kasoro, wengi mno wako salama, lakini kwa nini uingie hapo wakati parasetamoli ipo?

Kuanzia wiki ya 20 hadithi yabadilika. Oktoba 2020 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilionya zisitumiwe kuanzia wiki hio, na Uingereza wakakumbusha jambo hilo hilo 2023. Sababu ni figo za mtoto. Maji ya chupa, yale anayoogelea, nusu ya pili ya mimba kwa kiasi kikubwa ni mkojo wa mtoto mwenyewe, na hizi dawa zapunguza kazi ya figo zake, kwahivyo maji yapungua. Mara nyingi hurudi ukiacha dawa, lakini maji yakikaa chini muda mrefu mapafu hayakui vizuri na viungo vyakakamaa. Ukifika karibu wiki ya 30 yaongezeka jengine: kuna mshipa mdogo karibu na moyo wa mtoto ambao wapitisha damu isiende mapafuni, maana bado hapumui. Mshipa huo wafaa kufunga akishazaliwa. Hizi dawa zaweza kuufunga akiwa bado ndani, moyo ukaelemewa. Kwahivyo wiki ya 20 mpaka 30 ni kwa daktari tu na kwa muda mfupi sana, na ikipita siku mbili wapaswa kukagua maji kwa skani, na baada ya 30 la, hata nusu kidonge.

Aspirini ina sura mbili na watu wazichanganya. Ile ya maumivu, miligramu 300 na zaidi, achana nayo. Lakini ile ndogo ya miligramu 75 mpaka 150 daktari huwapa kusudi kina mama walio hatarini kupata presha ya mimba, kama we uliipata mimba ilopita, una kisukari, presha ya zamani, ugonjwa wa figo ama wabeba mapacha, na huanzwa kama wiki ya 12. Ukiandikiwa hio meza kila siku, na usikubali shoga ama mama mkwe akutoe wasiwasi ati aspirini yatoa mimba.

Kodini na tramadoli: Marekani mwaka 2011 utafiti wa CDC, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, ulihusisha dawa za jamii hii miezi ya mwanzo na kasoro za moyo, mgongo wazi na matumbo kutokeza nje ya ukuta wa tumbo, ijapokuwa kwa idadi ndogo. FDA ilipopitia tafiti zote za dawa za maumivu Januari 2015 ikasema hazina nguvu ya kutosha kutoa uamuzi wa mwisho. Kilicho wazi ni cha mwisho wa mimba: ukizitumia muda mrefu mtoto huzaliwa amezizoea, akakatiwa ghafla, akawa atetemeka na kulia bila kutulia, na aweza kushindwa kupumua vizuri. Zina nafasi yake hospitali, kwa maumivu makali, chini ya macho ya daktari. Tramadoli ya kuuziwa na kijana wa bodaboda haina nafasi yoyote.

Alafu kuna zilizojificha. Wenye kipandauso: dawa yenye ergotamini, kama Cafergot, hapana, yabana mishipa na mfuko wa uzazi. Valproate, ambayo wengine hupewa kuzuia kipandauso na sio kifafa peke yake, ndio mbaya kuliko zote kwenye ukurasa huu, karibu mtoto 1 kati ya 10 aliyekuwa tumboni ikitumika huzaliwa na kasoro. Lakini kama waimeza kwa kifafa usiiache mwenyewe, kimbia kwa daktari abadilishe, maana degedege nalo laua. Pregabalin ya maumivu ya neva, takwimu za nchi za Nordic (kama Sweden na Denmark) zilitoa watoto 5.9 wenye kasoro kwa kila 100 dhidi ya 4.1 kwa wasiomeza. Na wenye maumivu ya viungo, kuna diklofenaki iliyochanganywa na misoprostoli ya kulinda tumbo, na misoprostoli yatoa mimba, hapo hakuna mjadala.

Za kupaka nazo ni dawa. Jeli ya diklo ina diklo, na ile krimu ya kuwasha moto ina jamaa wa aspirini. Kidogo kinapita kwenye ngozi, lakini kupaka mgongo mzima kila usiku mwezi wa nane si sawa.

Hatua ya nne: kinachouma ni nini?

Kichwa baada ya wiki ya 20 kisichosikia Panadol, ama chaja na macho kuona ukungu ama vimulimuli, uso na mikono kuvimba, maumivu juu ya tumbo upande wa kulia: hio ni presha ya mimba mpaka ithibitishwe sio, na yaweza kugeuka kifafa cha mimba usiku huo huo. Pima presha. Ikiwa 140 kwa 90 na kwenda juu, ondoka, nenda hospitali. Kama uko Likoni usianze kupigia hesabu feri, hospitali ya Likoni ipo, watakupa rufaa wenyewe. Wa upande wa Changamwe wana Port Reitz, wa kisiwani wana Makadara. Dawa ya maumivu hapa yakupotezea muda tu.

Homa na mwili kuuma, hapa pwani, ni malaria mpaka upime. Ikitoka hakuna malaria, kumbuka dengi, ishatupiga Mombasa si mara moja, 2013, 2017 na 2021, na chikungunya ya 2017 na 2018 iliacha watu hawawezi kushika kikombe. Kwenye homa za namna hii Brufen, diklo na aspirini hazitakiwi hata kwa asie na mimba, kwa sababu dengi hushusha chembe za kugandisha damu na hizo dawa zaongeza kutokwa na damu. Parasetamoli na maji mengi, na upimwe.

Mgongo pamoja na mkojo kuchoma, homa na kutetemeka ni maambukizi ya njia ya mkojo yamepanda figo, wataka antibayotiki. Jino: nenda kwa daktari wa meno, ganzi ya sindano yatumika kwenye mimba, kuliko kukaa wiki nzima na diklo. Tumbo linalokaza na kuachia, ama lina damu, usimeze kitu, nenda.

Mgongo wa kawaida wa mimba, miguu, mshipa wa kinena unaovuta ukigeuka kitandani, hizo jaribu kwanza bila kidonge: lala ubavu na mto katikati ya magoti, kitambaa cha maji ya vuguvugu, viatu visivyo na kisigino, na kunywa maji, hili joto la Februari lenyewe laumiza kichwa. Kukandwa mgongo na miguu sawa. Kuchuliwa tumbo kwa nguvu ati mtoto akae vizuri, sipendi kabisa, kondo laweza kubanduka. Na mwarobaini wa kunywa kwa homa uwache mpaka ujifungue, najua bibi atakasirika.

Hatua ya tano: umeshameza kabla hujajua

Hii ndio meseji ninayoipata zaidi, "nlimeza Brufen wiki mbili na sasa nimejua nna mimba, nitoe?" Dadangu, tulia. Hata mama asiyemeza chochote, katika watoto 100 kama 3 huzaliwa na kasoro kubwa ya aina fulani, na Brufen siku chache za mwanzo haipandishi hio hesabu kiasi cha kutoa mimba. Hofu hii imetoka mbali, thalidomide ile ya Ujerumani, iliouzwa 1957 mpaka 1961 na kuacha watoto zaidi ya 10,000 na viungo pungufu, na hio hata haikuwa dawa ya maumivu, ilikuwa ya usingizi na kichefuchefu.

Fanya hivi: acha (isipokuwa ilioandikwa na daktari, kama ya kifafa, hio usiiache mwenyewe), piga picha ya pakiti, andika ulimeza ngapi, miligramu ngapi, kuanzia lini mpaka lini. Hesabu wiki. Pelekea kliniki na uombe skani ya kukagua viungo, ile ya wiki ya 18 mpaka 22. Kama ni valproate, misoprostoli ama ergotamini, usingoje siku ya kliniki, nenda leo.

Hatua ya sita: kwenye kaunta

Sema hivi, ama mwandikie unaemtuma kwa karatasi: "Ni ya mja mzito, wiki ya 24, yuaumwa na kichwa tangu jana, presha ilikuwa kadha, anatumia vidonge vya chuma na dawa fulani, ana pumu ama hana." Sentensi hio yamtosha muuzaji kufanya kazi yake. Akikupa kitu bila kukuuliza hata moja ya hayo, rudisha.

Na ukishajifungua masharti yageuka. Brufen iliokuwa marufuku mwezi wa nane sasa yakubalika na kunyonyesha, kidogo mno chapita kwenye maziwa, na yafaa kwa maumivu ya mshono na tumbo, ukiwa huna vidonda vya tumbo na presha yako imeangaliwa. Kodini na tramadoli ndio sasa uzikatae, FDA ilionya 2017 wanaonyonyesha wasizitumie, kwa kuwa miili mingine yazigeuza haraka kupita kiasi na mtoto akalewa usingizi akashindwa kupumua. Ukiruhusiwa kutoka wodini na mfuko wa dawa, ufungue hapo hapo mbele ya nesi, soma yale majina madogo, na umuulize moja moja.